Miezi tisa na mizani ya kioo, programu ya simu na futi ya fundi cherehani

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika mkoani Mtwara, na kwa misimu zaidi ya kumi kazi yangu imekuwa kupima korosho za wakulima na kuandika kilo zao kwenye daftari. Mwezi Januari mwaka huu, minada ilipokwisha na shughuli za ghalani kupungua, nilikwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kikiniuma kila asubuhi. Daktari alinipima presha, akakuta 148 kwa 94, akanitazama tumbo na kuniambia, «Kaka, tuanze na huo uzito. Upunguze, halafu urudi kila mwezi tuiangalie hii presha.» Siku ileile nilinunua mizani ya kioo ya kidijitali katika duka moja la mjini kwa shilingi 45,000, nikapakua programu ya simu inayoendana nayo, na nikanunua futi ya fundi cherehani kwa shilingi 1,500. Ninaandika kuhusu vifaa hivyo vitatu baada ya kuvitumia kwa miezi tisa, kwa ajili ya mtu yeyote anayetaka kupunguza mwili na asiyejua aamini kipimo kipi.

Nianze na mizani yenyewe, maana ndiyo iliyonigharimu zaidi. Jambo la kwanza nililolifanya ni lile ambalo karani yeyote angelifanya: niliihakiki. Niliipeleka ghalani, nikajipima juu ya mizani kubwa ya jukwaa yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, kisha saa hiyohiyo, nikiwa na nguo zilezile, nikapanda ile ya kioo iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji. Ya ghala ilisoma kilo 94.5, na yangu ikasoma kilo 94.2. Tofauti ya gramu 300 kwa kifaa cha bei ile niliiona ndogo, na kwa mtu anayetaka kujua kama anashuka au anapanda haina madhara, mradi ibaki ileile siku zote. Nilichokigundua baadaye nyumbani ni kwamba mahali pa kuiweka ni muhimu kuliko mizani yenyewe. Siku moja mke wangu alipokuwa akifagia aliihamishia juu ya mkeka, nami nikapanda bila kuangalia. Ikanipunguzia kilo moja na gramu 400 kwa usiku mmoja. Niliirudisha kwenye vigae, nikapanda tena, na kilo zangu zikarudi zote. Tangu siku hiyo ina kona yake karibu na mlango wa bafu, na hakuna anayeigusa. Betri nazo zinapokaribia kwisha, namba hucheza kabla ya kutulia, kwa hiyo nimezibadilisha mara moja kabla hazijanidanganya.

Kwa urefu wangu wa mita 1.70, kilo 94.2 zilinipa BMI ya 32.6, yaani uzito ukigawanywa kwa urefu uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia 25 mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na kuanzia 30 huitwa unene uliokithiri. Programu ya simu ilinionyesha namba hiyo kwa rangi nyekundu, na nakiri kwamba rangi hiyo ilinisukuma zaidi kuliko maneno ya watu.

Tatizo kubwa la mizani hii ni ahadi yake ya pili, ile ya kukuambia asilimia ya mafuta mwilini. Boksi lake linaieleza kwa fahari, na wauzaji wengi huongeza bei kwa sababu hiyo. Kinachofanyika ni kwamba vibati vinne vya chuma vilivyo juu ya kioo hupitisha umeme hafifu sana kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Maji na misuli hupitisha umeme kwa urahisi, mafuta huuzuia, na kutokana na kizuizi hicho, pamoja na umri, jinsia na urefu ulioandika, programu hukadiria mafuta. Hivyo mizani haipimi mafuta. Inapima namna umeme unavyopita, kisha inakisia. Mtu akipungukiwa maji, umeme hupita kwa shida, na kisio lote linapotoka.

Hilo nililiona kwa macho yangu mwezi wa Ramadhani. Jioni moja, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, nilijipima kwa shauku ya kuona matunda ya saumu. Uzito ulikuwa kilo 89.1, nami nikafurahi, lakini mafuta yalisomeka asilimia 33.4. Alfajiri iliyofuata, baada ya futari, maji mengi usiku na daku, nilipima kilo 90.6, na mafuta yakashuka hadi asilimia 31.7. Kwa hesabu ya mizani ile, nilikuwa nimenenepa kilo moja na nusu na wakati huohuo nimepoteza mafuta, kwa kula muhogo wa nazi na kaimati. Sikuhitaji kwenda mbali kutafuta maelezo. Mkulima akileta korosho ambazo hazijaanikwa vizuri, gunia huwa zito lakini kiini hakijaongezeka. Anayejua kazi yake hasomi kilo peke yake, huuliza na unyevu. Mwili wangu ulikuwa gunia lilelile, jioni likiwa kavu na alfajiri likiwa na maji. Tangu hapo sura ile ya asilimia za mafuta kwenye programu siifungui, na ninamshauri mtu asiongeze hata shilingi 5,000 kwa ajili yake.

Uzito wenyewe, kwa upande mwingine, ni kipimo kizuri kikipimwa kwa utaratibu mmoja. Mimi hupima kila siku nikiamka, baada ya haja ndogo, kabla ya chai, nikiwa na kaptula ileile. Jumapili ninajumlisha asubuhi zote saba na kugawanya kwa saba, na wastani huo ndio ninaouandika kwa kalamu nyeusi. Nitoe mfano wa wiki moja ya mwezi Aprili: 88.4, 88.9, 88.1, 89.6, 88.7, 88.3 na 88.0. Jumla ni 620, na wastani ni 88.6, wakati wiki iliyotangulia ulikuwa 89.1. Ile 89.6 ya katikati ilifuata usiku wa maulidi tuliyoalikwa Mikindani, ambako nilikula pilau ya kutosha. Kutoka 88.1 hadi 89.6 ni kilo moja na nusu kwa usiku mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kubeba kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo ili kilo ile na nusu iwe mafuta ningelazimika kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya mahitaji yangu ya siku, jambo ambalo sahani zangu mbili haziwezi kulifanya. Yalikuwa maji yaliyoshikwa na chumvi na wanga, pamoja na chakula kilichokuwa bado tumboni. Zamani kidogo, kabla ya kujua hesabu hii, asubuhi ya namna hiyo ingenikatisha tamaa, na nafahamu watu wawili kazini ambao waliacha kabisa kwa sababu ya asubuhi moja kama hiyo. Ninaumia nikiwakumbuka, kwa kuwa wastani wao wa wiki, kama wangeuandika, ungewaonyesha kwamba walikuwa wanashuka.

Programu ya simu ina mema yake. Mchoro wa mstari unaoshuka taratibu kwa miezi ni kitu cha kutia moyo, na kuingiza namba hakuchukui hata dakika moja kwa sababu mizani huzituma yenyewe kwa blututhi. Hata hivyo, imenichosha katika mambo mawili. Kwanza, ilikuja ikiwa imepangwa kwa ratili za Kiingereza, na nilihangaika siku nzima kutafuta mahali pa kubadilisha. Pili, tulipoanza kuitumia mimi na mke wangu, ilitutofautisha kwa uzito. Mimi nilipokuwa na kilo 92 naye 86, haikuwa na shida. Niliposhuka hadi 87, ilianza kuandika vipimo vyake kwenye jina langu na vyangu kwenye jina lake, na wiki mbili za mwezi Mei ziliharibika kabisa upande wa simu. Zilizobaki sahihi ni zile zilizokuwa kwenye daftari.

Sehemu ya chakula katika programu hiyo haikutengenezwa na mtu aliyewahi kula Mtwara. Haina ming'oko, haina ugali wa muhogo kwa jina tunalolijua, na mbaazi za nazi nililazimika kuziunda mwenyewe kwa kupima nazi na mbaazi kando. Faida kubwa niliyoipata kwake ni moja tu, nayo inahusu korosho. Mtu wa kazi yangu hutafuna korosho zilizobanguliwa na kukaangwa kutwa nzima bila kuzihesabu kama chakula. Niliazima mizani ndogo ya jikoni kwa jirani anayeoka keki, nikapima kiganja changu kimoja: gramu 42. Gramu 100 za korosho zina kalori zinazokaribia 550, hivyo kiganja kile kilikuwa na kalori karibu 230, nami nilikuwa nikila viganja vitatu kwa siku kwa uchache. Karibu kalori 700 zilikuwa zikiingia mdomoni bila mimi kukaa mezani. Sikuziacha, maana ni chakula chema na ndizo zinazosomesha watoto wangu, bali ninapima kiganja kimoja asubuhi, nakitia kwenye kikopo, na kikiisha kimeisha.

Kuhesabu hatua nilikufanya kwa simu ileile. Ile namba ya hatua 10,000 inayotajwa kila mahali ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Haikuanza kama agizo la madaktari. Shirika la Afya Duniani linazungumzia muda: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Nilijaribu usahihi wa simu kwa kutembea kutoka Ligula kuelekea ufukwe wa Shangani huku nikihesabu kwa mdomo. Nilipofika hatua 500, simu ilisema 487. Inatosha. Lakini nikipanda bodaboda kwenye barabara yenye mashimo, simu hunihesabia na hatua ambazo sikutembea, hivyo ninaangalia dakika zaidi kuliko hatua.

Nimeiacha futi ya fundi mwisho ingawa ndiyo kifaa ninachokithamini kuliko vyote. Kati ya mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Julai, wastani wangu wa wiki ulikwama kwenye kilo 87 kwa wiki tano. Nilikuwa nimeanza kunyanyua dumu la mchanga na kufanya pushapu asubuhi, nilikula kwa kipimo, nilitembea, na mstari kwenye simu ulilala kama bahari ya Shangani maji yakiwa yametulia. Mke wangu ndiye aliyeniambia, «Baba watoto, hebu lete ile futi, maana suruali inakuvuka.» Tulipima kiuno kama nilivyoelekezwa zahanati: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, futi ikigusa ngozi bila kuibana. Mwishoni mwa Mei nilikuwa nimeandika sentimita 102. Asubuhi ile ilikuwa 99. Tumbo lilikuwa linapungua, misuli inakua, na mizani haikuwa na namna ya kuniambia. Kwa mwanaume, kiuno kinachozidi sentimita 94 huongeza hatari ya maradhi ya moyo na kisukari, na kinachozidi 102 huiongeza sana, kwa hiyo sentimita zile tatu zilikuwa na maana kubwa kwangu kuliko kilo tatu. Kwa mtu mwenye shilingi 1,500 tu mfukoni, ningemwambia anunue futi na daftari leo, na mizani aisubiri.

Hesabu zangu hadi wiki iliyopita ni hizi: kilo 83.6, BMI 28.9, na presha ya mwisho zahanati 132 kwa 84. Daktari ameridhika lakini hajaniruhusu kuacha kurudi kila mwezi. Kiuno nilikuwa nimekiandika 96, kutoka 108 ya Januari. Nasema nilikuwa, kwa sababu juzi, nikijiandaa kwa msimu wa Oktoba na kukagua vifaa vya ghalani, niliilaza futi yangu kando ya rula ya chuma ya mita moja. Ni futi laini, nimeivuta kila wiki kwa miezi tisa, nayo imerefuka: alama yake ya 100 iliangukia kwenye 101 ya rula. Maana yake kiuno changu cha kweli ni karibu sentimita 97. Nimenunua futi mpya, nimeihakiki kwa rula ileile dukani kabla ya kulipa, na kwenye daftari nimekata ile 96 kwa kalamu nyekundu, nikaandika 97 pembeni pamoja na tarehe, kama tunavyosahihisha kilo za mkulima.