Pokémon za Game Boy Advance: Ununue Emerald, Ruby au Sapphire?

Emerald, Ruby na Sapphire ni michezo ya Pokémon, viumbe unaowakamata na kuwapambanisha, ya Game Boy Advance, mashine ya Nintendo ya mkononi. Kama unanunua kaseti moja tu, chukua Emerald orijino. Ukiikosa, Ruby au Sapphire orijino, yoyote utakayoipata kwa bei nafuu. Emerald feki ni ya mwisho kabisa, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Ruby na Sapphire zilitoka Japani mwaka 2002, Emerald ikafuata 2004. Nchi ya mchezo ni ileile ya Hoenn, ila katika Ruby unapambana na Team Magma, katika Sapphire na Team Aqua, na katika Emerald makundi yote mawili yanakusumbua. Kwa Pokémon wakubwa wa hadithi, Ruby inakupa Groudon na Sapphire inakupa Kyogre. Emerald inakuachia uwakamate wote wawili baada ya kumaliza hadithi, pamoja na Rayquaza.

Kinachoipa Emerald namba moja hasa ni Battle Frontier: kumbi saba za mapambano, kila moja na sheria zake. Battle Factory, kwa mfano, inakuazima Pokémon, kwa hiyo hata timu uliyoilea miezi mingi haikusaidii humo. Ruby na Sapphire zina ukumbi mmoja tu, Battle Tower, na ukishamaliza hadithi hazina mengi ya kukurudisha.

Kwa wafugaji, yaani wanaozalisha Pokémon kwa mayai, Emerald inaokoa muda mwingi. Weka Pokémon aitwaye Slugma kwenye timu na hatua za kuangua mayai zinapungua kwa nusu. Mweke mbele ya timu Ralts mwenye kipaji cha Synchronize, hata akiwa amezirai, na nusu ya Pokémon wa porini watakuja na tabia kama yake. Mbinu hizi mbili hazifanyi kazi kwenye Ruby wala Sapphire.

Emerald nayo ina mapengo. Pokémon Surskit, Meditite, Roselia, Zangoose na Lunatone hawapatikani humo porini. Zangoose yuko Ruby, Lunatone yuko Sapphire, na hao watatu wengine wako kote kuwili. Anayetaka kukamilisha orodha ya Pokémon atahitaji kuwapata kutoka Ruby na Sapphire pia. Ruby na Sapphire za mwanzo zina kasoro nyingine: saa ya ndani ikitimiza mwaka, hesabu ya tarehe inakwama na matunda uliyopanda hayakui kwa karibu mwaka mzima. Kuiunganisha na Emerald kunairekebisha.

Sasa feki, maana Emerald imeigwa mno. Inamishe kaseti kwenye mwanga: lebo ya orijino ina tarakimu mbili zilizogongwa kwa kubonyea, wakati mwingine na herufi pembeni. Chungulia chini, juu ya pini za dhahabu, utaona neno Nintendo limeandikwa kwenye bodi. Plastiki ya Emerald ni ya kijani inayoonyesha ndani, na betri ya mviringo inaonekana bila kuifungua. Kisha jaribu: hifadhi mchezo, zima, washa tena. Feki nyingi zinapoteza kumbukumbu, nyingine baada tu ya kuwashinda Elite Four, wapambanaji wanne wa mwishoni mwa hadithi, na mara nyingi zinagoma kuhamisha Pokémon kwenda Diamond au Pearl, michezo iliyofuata ya Nintendo DS.

Ujumbe kwamba betri ya ndani imeisha usikutishe. Kwenye kaseti hizi tatu kumbukumbu haitegemei betri. Kinachosimama ni saa, yaani matunda, maji kupwa na kujaa kwenye pango la Shoal Cave, na Pokémon Eevee kugeuka Espeon au Umbreon. Betri ni CR1616, na skrubu inahitaji bisibisi ya meno matatu. Nunua betri iliyokwisha kubandikwa vibati, kwa sababu kulehemu moja kwa moja juu ya betri kunaipasha moto hadi inaweza kupasuka. Ibadilishe kabla ya kuanza mchezo: saa mpya inaanzia sifuri, na kwenye mchezo wa zamani matukio yanaweza kuganda mpaka uanze upya.

Angalia pia mashine yako. DS na DS Lite zinasoma kaseti hizi lakini hazina tundu la waya wa kubadilishana Pokémon, kwa hiyo Kadabra wako, anayegeuka Alakazam kwa kubadilishwa tu, hatageuka humo. DSi na 3DS hazina hata pa kuichomeka. Kwa kubadilishana unahitaji Game Boy Advance au Game Boy Advance SP mbili na waya mmoja.