Xeno-canto: maktaba ya sauti kwa anayemtafuta kurumbiza wa madoa

Kurumbiza wa madoa (Cichladusa guttata) hana sura ya kumsimamisha mtu: mgongo wa kahawia, mkia wenye wekundu wa kutu, kifua cheupe chenye madoa meusi. Hujificha vichakani kwenye nyika kavu za Kenya na Tanzania, kwa hiyo mara nyingi anayemtafuta humsikia tu, alfajiri au jioni. Hapo ndipo Xeno-canto, tovuti ya bure ya rekodi za sauti za ndege iliyoanzishwa mwaka 2005, inapomfaa.

Kwenye kisanduku cha kutafutia usiandike jina tupu, utamwagiwa rekodi za kila aina. Andika: Cichladusa guttata cnt:kenya type:song q:A. Sehemu ya pili huchagua nchi, ya tatu mwimbo badala ya mlio wa tahadhari, ya nne ubora. Rekodi zikiwa chache mno, ondoa q:A kwanza. Alama za A hadi E hupima usafi wa sauti, si usahihi wa jina. Wengi huchanganya mambo haya. Rekodi ya A inaweza kuwa na jina lisilo lake, basi soma maelezo ya aliyerekodi na uangalie ramani.

Mtihani wenyewe ni kumtofautisha na Cossypha heuglini, kurumbiza mwenye nyusi nyeupe, anayeimba kwenye vichaka hivyohivyo. Huyo hurudia kipande kimoja akizidi kupaza sauti na kuharakisha. Wa madoa hupiga miluzi myororo, akirudia vipande bila kupanda namna ile. Tatizo ni kwamba huiga ndege wengine, hivyo rekodi fupi hupotosha: sikiliza tatu au nne za watu tofauti. Picha ya sauti iliyo juu ya kila rekodi husaidia kuliko sikio pekee, kwani kule kupanda hata jicho hukuona.

Upungufu upo. Tovuti haikutambulii ndege kama Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, inavyojaribu kufanya, inakuachia kulinganisha mwenyewe. Porini bila mtandao haikufai, pakua faili mapema ukiwa na Wi-Fi. Na spika ya simu huua noti za chini; tumia vipokea sauti vya masikioni, tena ndege mwenyewe hatasumbuliwa. Kumpigia rekodi mfululizo wakati wa kutaga humfanya aache kiota afukuze mpinzani asiyekuwepo.

Ukipandisha rekodi yako, kata kelele za mwanzo na mwisho, lakini usiisafishe kwa programu ya kuondoa kelele: hula pia miluzi hafifu.