Unga wa Bitiruti: Tathmini ya Mkimbiaji wa Jioni

Tuanze na ladha, maana ndiyo itakayoamua kama utaendelea au utakiacha kikopo kabatini. Unga huu wa bitiruti, ambao sisi wakimbiaji tunaukoroga na maji na kuunywa kabla ya mazoezi ili tupate pumzi, una ladha ya udongo. Sisemi kwa kuuponda: bitiruti ina jeosmini, na jeosmini ndiyo inayotoa ile harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha. Watengenezaji wametia ndimu kidogo kuificha, wameshindwa. Mimi naipenda. Mwenzangu ninayekimbia naye alionja, akakunja uso, akanirudishia glasi bila kusema kitu.

Kijiko cha kupimia kinakuja kimezama ndani ya unga. Unatumbukiza vidole kukitafuta na kuvitoa vyekundu kama umetoka kuchinja. Unga wenyewe hauna subira na unyevu. Usipokaza mfuniko vizuri unashikana mabonge. Kuukoroga kuna namna yake: tia unga kwanza, maji vijiko viwili vitatu tu, sugua mpaka ulainike, ndipo ujaze maji. Ukianza na maji mengi, nusu ya unga utaelea juu ukikutazama.

Kilichonifanya nichague kikopo hiki na si jirani zake wa rafuni ni mstari mmoja mdogo nyuma ya lebo: kijiko kimoja kina nitrati miligramu 200. Basi. Wenzake wana picha za milima na maporomoko ya maji, wameandika “asilia” mbele na nyuma, halafu unakuta “mchanganyiko maalumu wa mimea” na uzito wa jumla, bila kusema kila mmea umetiwa kiasi gani. Kuwa cha asili hakunisaidii mimi kupanda kilima. Kinachofanya kazi kwenye bitiruti ni nitrati, chumvi ambayo mmea huifyonza kutoka udongoni, na wingi wake hubadilika kulingana na udongo, mbolea, mavuno na namna ya kukausha. Asiyetaja kiasi anakuuzia rangi. Tafiti nyingi za wanamichezo hutumia kati ya miligramu 310 na 560 hivi kwa mara moja, kwa hiyo mimi hutia vijiko viwili.

Safari ya hiyo nitrati ni ya ajabu kidogo. Unaimeza, inaingia kwenye damu, kisha tezi za mate zinaichota na kuirudisha mdomoni. Huko bakteria wanaoishi juu ya ulimi, hasa kule nyuma, wanaigeuza kuwa nitriti. Unameza mate, na mwilini nitriti inageuka oksidi ya nitriki, gesi ambayo hulegeza kuta za mishipa ya damu na kuusaidia msuli kufanya kazi ileile kwa oksijeni pungufu. Mzunguko huo wote unataka muda, ndiyo maana unakunywa saa mbili hadi tatu kabla ya mazoezi. Anayekunywa huku anafunga kamba za viatu ameshachelewa.

Na bila wale bakteria hakuna kitu. Ukisukutua mdomo kwa dawa kali ya kuua vijidudu, umewaua wafanyakazi wako mwenyewe, na unga utapita bure. Kikopo hakisemi neno hata moja kuhusu hilo. Kwangu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, maana wapo watu wanaosukutua asubuhi na jioni kisha wanalalamika kwamba wameibiwa.

Kasoro ya pili ni majigambo ya mbele: “stamina zaidi kwa 16%”. Najua ilikotoka. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwanywesha wanaume 8 juisi ya bitiruti, nusu lita kwa siku, kwa siku 6, wakawapandisha baiskeli za maabara na kuwaacha wakanyage mpaka wachoke kabisa. Walidumu kwa muda mrefu zaidi kwa kama asilimia 16. Lakini kudumu mpaka uishiwe nguvu ni kitu kimoja, na kumaliza kilomita zako kwa muda mfupi ni kingine. Kwenye mbio faida yake huwa ni asilimia moja au mbili, na waliobobea mara nyingi hawaoni kitu. Mimi sijabobea. Kwenye kilima cha mwisho pumzi inakaa vizuri zaidi, miguu ni ileile. Sehemu ya hilo huenda ni kichwa changu tu, na siichukii.

Kikopo kina alama ya Informed Sport, maana yake kila toleo hupimwa kuona kama kuna dawa zilizokatazwa michezoni. Haithibitishi kwamba unga unafanya kazi, ila kwa anayeshindana ni ulinzi mkubwa, kwa sababu ukikutwa na dawa iliyokatazwa, kusema “ilikuwa kirutubisho cha mimea” hakukuokoi. Rafiki yangu mmoja anameza tembe za ashwagandha, mmea wa dawa za asili za Kihindi, zisizo na alama yoyote, eti mmea hauwezi kudhuru. Ini haliulizi kama sumu imetoka shambani au kiwandani, na taarifa za watu walioumia ini baada ya kuitumia zipo.

Mambo ya kujiandaa nayo: mkojo unaweza kuwa wa waridi, choo kikawa chekundu. Usikimbilie hospitali, ni rangi ya bitiruti. Ila kama unameza dawa za presha, muulize daktari kwanza, kwa kuwa unga huu nao hushusha presha. Na kama umewahi kupata mawe ya figo, bitiruti ina oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe hayo, uache.

Nitanunua tena, lakini kwa siku za mazoezi magumu na mbio tu. Kwa matembezi ya kawaida ni kumwaga unga. Nyota nne kati ya tano. Wakiandika habari ya dawa ya kusukutua kwenye lebo, ya tano nitawapa.