Mandatori: kozi ya usalama wa mabaharia, yafaa kulipiwa?

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Kozi ya msingi ya usalama baharini, hii ambayo vijana huiita mandatori, si ya bei poa. Nililipa kiasi kinachokaribia mshahara wa mwezi wa askari wa getini, na hapo bado cheti cha daktari, picha za pasipoti na nauli ya kila asubuhi. Chuo sitakitaja. Mtaala unatokana na mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, wa mwaka 1978, uliofumuliwa upya 1995 na tena Manila mwaka 2010, kwa hiyo mengi ninayoyasifu hapa, na mengine ninayoyalalamikia, mtakutana nayo popote mtakapojiandikisha.

Mimi si baharia. Ni mhadhiri wa sosholojia hapa Mombasa, na tangu shahada ya uzamivu kazi yangu ni kuandika maisha ya watu wa melini: wanalipwaje, wanalala saa ngapi, nani anabaki na watoto. Sehemu kubwa ya utafiti huo nimeufanya nchi kavu, kwenye mikahawa ya Mji wa Kale na nje ya mageti ya bandari ya Kilindini, nikisubiri watu washuke. Lakini huwezi kuandika kazi ya meli maisha yako yote bila kuipanda. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa mabaharia cha Cardiff, kilichoanzishwa 1995, wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi: wanapanda, wanakula mezani na wafanyakazi, wanaona zamu ya usiku kwa macho yao. Nami nilipompata mwenye meli aliyenikubali, sharti lake la kwanza lilikuwa cheti. Mhasibu wa chuo kikuu chetu alipoiona risiti aliuliza mtu wa sosholojia anaenda kuzima moto upi. Pesa hiyo naidai hadi leo.

Basi nikaingia darasani na vijana wenye umri wa wanafunzi wangu. Wasichana tulikuwa wachache, na ni mimi peke yangu niliyeitwa mama. Uchache wetu haukunishangaza: hesabu ya mashirika ya wenye meli ya mwaka 2021 ilikuta wanawake ni kama 1.28% tu ya mabaharia wenye vyeti duniani. Mwalimu wetu mkuu alikuwa chifu ofisa mstaafu, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha, mtu wa Lamu, ambaye wote walimwita Kepteni ingawa mwenyewe alikuwa akiwakumbusha kwamba unahodha hakuwahi kuufikia.

Siku ya bwawani ndiyo inayolipa ada yote. Kepteni aliuliza nani hajui kuogelea, na mikono iliyonyanyuka ilikuwa mingi kuliko unavyotarajia kwa watoto waliokulia ufukweni. Hakumcheka mtu. Alisema neno moja tu, Mtongwe, na darasa likatulia, maana hata wasiokuwa wamezaliwa Aprili 1994 wanajua feri ile ilizama karibu na gati na ikaondoka na watu 272.

Kisha tukaruka. Kuruka na jaketi okozi kuna adabu yake: mkono mmoja unaziba pua na mdomo, mwingine unapita juu yake na kulibana jaketi lisije likakupiga kidevuni, macho mbele, hatua moja ndefu, miguu pamoja. Ukichungulia chini mwili unainama nawe unaangukia uso. Jaketi linatakiwa liwe limevaliwa ndani ya dakika moja. Ile suti nzito nyekundu ya kukukinga na maji ya baridi inapewa dakika mbili, na unapaswa kuivaa bila kusaidiwa. Mimi na mtandio wangu tulipambana nayo hadi Kepteni akaacha kutazama saa.

Halafu rafti, chombo cha kujiokolea meli ikizama. Rafti ya mpira ikitupwa baharini hujijaza hewa yenyewe, ila upepo unaweza kuipindua. Kuigeuza ni kazi ya mtu mmoja: unazunguka hadi upande wenye mtungi wa gesi, unakanyaga ukingo pale kwenye mtungi, unashika mkanda ulioshonwa chini ya tumbo lake, unajitupa nyuma kwa uzito wako wote. Inakuja. Inakufunika. Kwa muda mfupi uko chini ya kitu cheusi kinachonuka mpira na maji yamekujaa puani, na hapo ndipo unapokumbuka ulichoambiwa darasani: lala chali, uso juu, jivute polepole utoke, usigeuke kifudifudi, jaketi litakung'ang'aniza huko huko chini. Kijana aliyekuwa akijigamba tangu asubuhi alitoka akiwa mpole sana. Nami nilitoka nikiwa nimeelewa kwa nini mzee mmoja niliyewahi kumhoji alikuwa akirudia neno "tumbo la rafti" na mimi nikiliandika bila kuliona.

Ndani ya rafti kuna vidonge vya kuzuia kutapika, na ndivyo vinavyomezwa kwanza, kwa sababu anayetapika anapoteza maji. Maji yenyewe ni lita moja na nusu kwa kila mtu, na siku ya kwanza hayaguswi isipokuwa na majeruhi. Kuna na mshipi wa kuvulia samaki. Vijana wa Kilifi waliufurahia huo kuliko kitu kingine chochote.

Moto ulikuwa nusu nzuri, nusu aibu. Nadharia ilifundishwa vizuri. Chumba cha moshi nacho kilikuwa cha kweli: unatambaa na mtungi wa hewa mgongoni, unaburuta miguu kupima sakafu, unapapasa ukuta kwa mgongo wa kiganja, si kwa kiganja chenyewe, ili ukigusa waya wenye umeme mkono usikamatwe. Ila barakoa nyingine mpira wake umechoka, na tulikuwa tukizipokezana kama kikombe cha kahawa barazani. Chuo kinachotoza ada ile hakishindwi kununua mipira mipya.

Kilichonigusa zaidi katika somo la moto hakikuwa moto. Ni saa moja hivi Kepteni aliyotumia kueleza matangi na vyumba vilivyofungwa. Chuma kikishika kutu kinakula hewa ya oksijeni iliyomo ndani. Tangi likifungwa muda mrefu linabaki na hewa isiyofaa kuvutwa, nayo haina harufu wala rangi. Anashuka mtu wa kwanza, anaanguka. Mwenzake juu anamwona amelala, haoni moshi wala maji, anaruka kumwokoa, naye anaanguka. Si wachache wanaofia humo wakiwa waokoaji. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21, na hakuna kushuka kabla ya kupima, hata anayelala mle chini akiwa ndugu yako. Kepteni hakupandisha sauti. Alitaja bandari mbili tatu alikoshuhudia, akafuta ubao.

Huduma ya kwanza nilishaisoma mahali pengine: misukumo 30 kifuani, pumzi 2, endelea. Hakukuwa na jipya. Mwanasesere wa mazoezi alikuwa amepasuka shavu.

Tukafika kwenye somo la majukumu na mahusiano melini, na hapa sasa ndipo kazi yangu ya siku zote ilipoingia darasani bila kubisha hodi. Mkataba wa kazi za baharini, MLC, uliopitishwa Geneva 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013, unasema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa mara mbili tu, na kipande kimoja kiwe cha saa 6 au zaidi. Mwalimu wa somo hili, si Kepteni, mwingine, kijana mwenye tai, alitugawia fomu ya kurekodi saa na kutuonyesha jinsi ya kuijaza. Nyuma yangu walikaa mabaharia waliokuja kuhuisha vyeti. Wakaanza kucheka.

Nikageuka nikawauliza wanachocheka. "Mama, fomu hiyo haijazwi ulivyofanya kazi," mmoja akanijibu. "Inajazwa inavyotakiwa kusomeka."

Kila mtafiti wa fani hii anaujua mchezo huo. Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, kilichoko Malmö, kilitoa ripoti nzima mwaka 2020 kuhusu jinsi rekodi za saa zinavyorekebishwa. Meli inafika bandarini saa nane usiku, kamba zinafungwa, wakaguzi wanapanda, mzigo unaanza kushuka, na watu ni wale wale walioshika zamu jana. Mwenye tai alisema "tuendelee", tukaendelea. Hapo nilitamani kusimama nifundishe mimi.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa kwa mandatori kama bidhaa. Inamwandaa mtu kwa msiba unaokuja ghafla, na inamwandaa vizuri. Lakini ukifungua daftari zangu za mahojiano, moto na kuzama havijazi kurasa nyingi. Kurasa zinajaa usingizi, mshahara uliocheleweshwa, mkataba uliorefushwa, baba aliyesikia kwa simu kwamba mtoto ametembea. Mwishoni mwa 2020 mabaharia kama 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya mikataba yao kuisha, sababu ya korona. Wapo wanaotelekezwa na mwenye meli hadi leo, na tangu Januari 2017 meli zilizo chini ya MLC zinatakiwa kuwa na cheti cha bima kinacholipia chakula, nauli ya kurudi nyumbani na hadi mishahara ya miezi minne, tena kibandikwe mahali ambapo kila mmoja anakiona. Nusu saa ingetosha kumweleza kijana akitafute kikaratasi hicho siku ya kwanza akipanda. Sisi haikutajwa. Nimesikia marekebisho ya STCW yaliyoanza kutumika Januari 2026 yanaingiza suala la uonevu na unyanyasaji wa kijinsia kwenye somo hili hili, na wasichana watakaofuata watafaidi kuliko tulivyofaidi sisi.

Jambo jingine linahusu soko. Karibu na mashine ya maji nilizungumza na kijana wa Likoni aliyekuwa akilipia masomo ya moto na kujiokoa kwa mara nyingine, kwa kuwa ushahidi kwamba bado unayamudu unahitaji kuhuishwa kila miaka 5, na ndani ya miaka hiyo hakupata meli hata moja. Cheti kimezeeka hakijaona chumvi. Anaendelea kulipa kwa sababu kima cha chini cha baharia mwenye ujuzi, kilichokubaliwa Shirika la Kazi Duniani, ILO, kilikuwa dola 673 kwa mwezi kufikia Januari 2025, na nyumbani kwao hakuna anayeisogelea hela hiyo. Simlaumu. Ila chuo kilichobandika picha ya meli ya kitalii getini kingemweleza pia kwamba cheti kinafungua mlango, meli hakitoi.

Uamuzi wangu, basi. Kwa mtafiti, mwanahabari, ofisa wa bandari, hata wakili wa kesi za mabaharia, lipeni msisite. Maswali yangu yamebadilika: zamani nilikuwa nikiuliza "uliogopa?", siku hizi nauliza nani alipima hewa na nani alisaini fomu. Kwa kijana anayesaka kazi, ni lazima, kwa hiyo sina la kumshauri zaidi ya kuilinda pesa iliyobaki. Wakala akikudai malipo ili akutafutie meli, MLC inamkataza, na Kenya imeuridhia mkataba huo tangu 2014. Kinachoweza kuwa juu yako ni cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli.

Nyota nne kati ya tano kwa bwawa na kwa Kepteni, mbili kwa mwenye tai, moja kwa barakoa. Beba taulo mbili na nguo za kubadili, na wenye mitandio wavae ile ya kuogelea inayobana. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza kama rafti inapinduliwa majini kweli. Wakikujibu kwamba mtaonyeshwa video, chukua fomu yako uende mlango wa pili.