Nilinunua vitabu 23, nimebaki na 4

Kwanza niseme hiki kifaa changu cha kusomea vitabu vya kielektroniki si kishikwambi. Walimu wenzangu wakikiona mezani hudhani ni kimojawapo cha vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa. Hapana. Hiki kazi yake ni kusoma vitabu tu, kioo hakina rangi, na ukigeuza ukurasa kinapepesa kidogo kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nina miaka mitatu nacho hapa Tukuyu.

Sifa zake ni za kweli. Nikichaji leo, ninasoma wiki mbili na zaidi. Wino wake wa kielektroniki hula umeme pale unapobadilisha ukurasa. Maandishi yakishatulia yanakaa hapo bila kudai kitu, labda uwashe taa yake. Kwetu huku, ambako mvua ikianza umeme nao unaaga, hilo si dogo. Juni na Julai baridi ya Rungwe ikikaza najifunika blanketi hadi puani, nje nabakiza kidole kimoja cha kugeuzia kurasa. Kitabu cha karatasi hakinipi raha hiyo, nakiri.

Kiswahili hakijui. Neno la Kiingereza ukiligusa maana inatokea hapo hapo. Nilitafuta kamusi ya Kiswahili nikaiingiza mwenyewe: gusa "kitabu", sawa, gusa "tulivyoazimana", kimya. Maneno yetu yanavaa viambishi mbele na nyuma, na kifaa hakijui kuyavua hadi kifike kwenye "azima". Mitihani ya zamani iliyopigwa skani usijaribu kabisa, kioo cha inchi 6 kitakuumiza macho bure.

Sasa kilichonifanya niandike. Kifaa nilinunuliwa na kaka yangu alipokuwa akiishi Uingereza. Duka la vitabu lilikataa kadi yangu, kwa hiyo akaunti akafungua yeye. Mimi namtumia hela, yeye ananunua, kitabu kinashuka kwangu. Tulikwenda hivyo hadi vikafika 23. Mwaka jana akarudi nyumbani, akafunga benki ya kule, na katika kuhangaika kubadilisha kadi na nchi akaunti ikafungiwa. Nikawasha waifai asubuhi moja, nikakuta majalada ya kijivu. Nagusa, naambiwa sina ruhusa.

Nikawaandikia, kwa Kiingereza changu cha sikukuu. Walijibu kwa upole mno: kilichonunuliwa ni leseni, leseni ni ya mwenye akaunti, na haihamishiki. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa mpangaji, tena wa chumba kilichoandikishwa kwa jina la mtu mwingine! Vilivyosalimika ni vinne nilivyokuwa nimeviingiza kwa waya kutoka kwenye kompyuta, havina kufuli la duka la kuzuia kufunguliwa.

Nilidhani ni mkosi wangu peke yangu, kumbe yamewakuta wengi. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali vitabu viwili vya George Orwell ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Kimoja ni hicho tunachokiita Shamba la Wanyama. Hela walirudishiwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vyote vilivyouzwa humo vikaacha kufunguka. Hapo pia hela zilirudi, na aliyekuwa ameandika maelezo yake pembeni ya kurasa aliongezewa dola 25. Jimbo la California, tangu Januari 2025, linamtaka muuzaji anayetumia neno "nunua" aseme wazi kwamba anachotoa ni leseni. Angalau wao wanaambiwa kabla ya kulipa.

Hata kabla ya balaa hilo, kuazimana kulinishinda. Jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye vitabu vyake nimevisoma karibu vyote, aliniomba riwaya moja ya upelelezi. "Niazime hicho, mwanangu." Nitamwazimaje? Ikabidi nimpe kifaa kizima, na vitabu vingine vyote vikaenda naye likizo ya Pasaka. Kilirudi na "ndaga fijo" (asante sana kwa Kinyakyusa) ya dhati, herufi kubwa kama za ubavuni mwa basi, na alama yangu ya ukurasa imesogea hadi mwisho. Kukifungua tu, nikamjua mwuaji.

Siku hizi nanunua faili za EPUB (aina ya faili la kitabu cha kielektroniki) zisizo na kufuli, au moja kwa moja kwa waandishi wetu wanaouza nakala laini kwa WhatsApp: unalipa kwa simu, faili linaingia. Naweka nakala kwenye flashi na kwenye kompyuta, waifai ya kifaa imezimwa. Jirani naye angeweza kurushiwa nakala kwa sekunde mbili, ila hapo anayeumia ni mwandishi, na mwandishi mwenyewe namba yake ninayo, nitamwangaliaje? Kwa hiyo kifaa bado kinasafiri kizima.

Kifaa nakipa nyota nne, duka moja. Ukikiona cha mtumba Mbeya mjini, kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, kisha ingiza kitabu chako kimoja kwa waya na ukifungue hapo hapo.