Kitenganishi cha mvuke na kimiminika kwenye gesi ya tanuri: uzoefu wangu

Ninasimamia matengenezo katika kiwanda cha mikate kilichoko Eneo la Viwanda, Nairobi, ambako tanuri hutumia LPG, yaani gesi ya petroli inayohifadhiwa kama kimiminika. Tulifunga kitenganishi cha wima, chombo kinachotoa matone ya kimiminika katika gesi, kati ya kivukizaji (kifaa kinachogeuza kimiminika kuwa mvuke) na rigaleta (kidhibiti cha shinikizo), na baada ya baridi ya Julai naweza kusema kwamba kimestahili gharama yake.

LPG yetu ni mchanganyiko wa propani, inayochemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani, inayochemka karibu na sifuri. Propani hutangulia kuvukizwa, hivyo kadiri tangi linavyopungua ndivyo butani inavyozidi katika kimiminika kinachobaki. Na tanuri zote zikiwashwa pamoja alfajiri, kivukizaji huzidiwa, matone yakapita pamoja na mvuke. Lita moja ya kimiminika hicho hutoa zaidi ya lita 200 za gesi, kwa hiyo hata kiasi kidogo kikifika kwenye kichomeo, moto huruka ghafla, na anayesimama karibu ni mfanyakazi.

Ndani ya kitenganishi gesi huingia kwa ubavuni, hupunguza mwendo kwa sababu chombo ni kipana kuliko bomba, matone mazito huanguka, na ukungu uliosalia hunaswa na wavu wa nyuzi za chuma cha pua ulio juu. Upana wa chombo ndio kila kitu. Muuzaji wa kwanza alitupimia kwa kipenyo cha bomba pekee, tukamkatalia. Wa pili alikokotoa mwendo unaoruhusiwa kutokana na tofauti ya uzito wa kimiminika na mvuke, kwa kanuni ya wahandisi Souders na Brown ya mwaka 1934, akitumia kilele cha matumizi yetu badala ya wastani. Tangu hapo miali imetulia, na swichi ya kuelea hufunga vali ya kuingizia gesi kila kimiminika kinapopanda kupita kiwango.

Lawama yangu ni moja: mfuniko ni mdogo mno, kiasi kwamba wavu hautoki bila kukatwa, ilhali masalio ya mafuta huuziba polepole. Anayenunua adai mfuniko mpana wa boliti, pamoja na bomba la kutolea kimiminika linaloelekea kwenye chombo kilichofungwa, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama kwenye mitaro.