Fainali ya Dakika 57 na Samaki wa Dakika 80: Mkahawa Mmoja wa Milimani, Kisumu

Mpenzi wa tenisi anayeishi Kisumu hana budi kujifunza subira, kwa maana runinga za mji huu zina mwenyewe, na mwenyewe ni kandanda. Nimewahi kuondolewa kwa upole katika baa mbili na kwa ukali katika moja, kila mara nikiwa nimeomba seti moja tu kabla mechi ya Uingereza haijaanza. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponiambia kwamba upo mkahawa Milimani ambao mwenyewe huwasha tenisi kila fainali kubwa inapofika, na kwamba huko mtu hachekwi akiuliza ni nani anayeanzisha mpira, niliona ni lazima niuone kwa macho yangu. Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 12 Julai 2025, siku ya fainali ya wanawake ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi, kati ya Iga Świątek wa Poland na Amanda Anisimova wa Marekani. Jina la mkahawa nitaliacha, kwa sababu nina lawama kwa jiko lake na sitaki lawama hiyo ionekane kubwa kuliko inavyostahili.

Meza ziko kama kumi na mbili, nusu ndani na nusu kwenye baraza linalotazama upande wa ziwa, na runinga imetundikwa mahali ambapo wa ndani na wa nje wote wanaiona. Mpango huo unafaa mchana na unafaa usiku. Shida ni kwamba fainali za mwaka ule zilianza saa kumi jioni kwa saa za London, yaani saa kumi na mbili kwetu, na hiyo ndiyo saa ambayo jua la Kisumu huteremka kuelekea majini na kupiga kioo moja kwa moja. Gemu tatu za kwanza tulizitazama kama wavuvi wanaochungulia chini ya mtumbwi: tulijua kuna kitu kinapita, hatukujua ni nini. Mhudumu, dada mwepesi wa miguu na wa fikira, alileta leso mbili, yaani kanga, akazifunga kwenye nguzo za baraza bila kuombwa na mtu, na tangu hapo tukaona vizuri. Mwenye mkahawa akinunua pazia la mkeka atakuwa amemaliza kazi, lakini sifa ya leso zile ni ya yule dada.

Tulichokiona baada ya leso kufungwa kilikuwa kigumu kutazama. Świątek, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikuwa ameinamisha kofia yake hadi karibu na nyusi, na baina ya pointi alitembea haraka kuelekea mahali pake kama mtu aliyeacha chungu motoni. Hakutabasamu wala hakulalamika, na hata pointi alizopoteza hazikumbadilisha uso. Anisimova hakuwa mchezaji wa kubahatisha, kwani katika nusu-fainali alikuwa amemtoa Aryna Sabalenka, nambari moja wa dunia. Lakini jioni ile mkono wake uliganda, na Mpoland hakumpa nafasi ya kuupasha moto. Seti ya kwanza iliisha 6-0. Katikati ya ile ya pili mhudumu alisimama na sinia mkononi akauliza, "Mwalimu, huyu mwingine hajapata hata moja? Si amwachie moja tu ya heshima?"

Aliyeulizwa ni mwalimu mstaafu wa fizikia ambaye, kama nilivyogundua baadaye, ndiye sababu halisi ya watu kwenda mkahawa ule. Alijibu bila kuondoa macho kwenye runinga, "Binti yangu, akimwachia, hapo ndipo atakapokuwa amemdharau."

Seti ya pili nayo ikawa 6-0, na mechi nzima ilikuwa imechukua dakika 57. Nilikuwa nimeagiza samaki dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili. Bingwa alipoanza kushangilia kwenye nyasi, meza yangu ilikuwa na chupa ya soda, chumvi na matumaini.

Mahali pengine ningeondoka. Hapa sikuondoka, kwa sababu mhudumu alipunguza sauti ya runinga na mazungumzo yakaanza, nayo yalikuwa bora kuliko mechi. Mwalimu alitukumbusha kwamba fainali ya wanawake ya Wimbledon haikuwahi kuisha kwa 6-0, 6-0 tangu mwaka 1911, Dorothea Lambert Chambers alipomfanyia hivyo Dora Boothby, na kwamba katika mashindano yote manne makubwa (Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open) jambo hilo lilikuwa limeonekana mara ya mwisho Paris, kwenye French Open ya mwaka 1988, Steffi Graf wa Ujerumani alipomshinda Natasha Zvereva kwa takriban nusu saa. Kutoka hapo swali likajileta lenyewe mezani: je, msichana huyu ni Graf mwingine?

Kijana mmoja mhasibu, aliyeketi karibu na mlango, alisema kwamba ni zaidi ya Graf. Hoja yake ilikuwa kwamba Świątek amefika fainali sita za mashindano makubwa na kushinda zote sita: nne za French Open, moja ya US Open na sasa hii, ilhali Graf alipoteza fainali tisa. Mwalimu alikubali hesabu lakini akakataa jibu. Graf alifika fainali 31 na kushinda 22, akasema, na anayekwenda ziwani mara thelathini na moja siku nyingine hurudi na wavu mtupu. Huwezi kumsifu kuliko yeye mtu aliyekwenda mara sita. Kisha akaongeza kwamba mwaka 1988, mwaka aliotimiza umri wa miaka 19, Graf alitwaa mataji yote manne makubwa pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine wa mmoja mmoja, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kulifanya katika mwaka mmoja. Ni hapo nilipochangia kitu kidogo ninachokijua, kwamba babake Świątek, Tomasz, alikuwa Seoul mwaka uleule kama mpiga makasia wa Poland. Mezani palikuwa na watu waliokulia kandokando ya Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, na habari ya mpiga makasia iliwagusa kuliko takwimu zote.

Maoni yangu mwenyewe, ambayo niliyatoa nikiwa na njaa na kwa hiyo huenda yalikuwa makali, ni kwamba Graf si kioo sahihi cha kumtazamia Świątek. Graf alikuwa na mpigo wa mbele wa kuua na mpira wa kukata kwa mkono wa nyuma, na alicheza kama mtu anayetaka kuwahi gari la jioni. Świątek naye tunamwona akiharakisha, lakini haraka yake ni ya aina nyingine: ni ya mtu anayeogopa kwamba akipumzika atafikiri. Katika hilo ninayemkumbuka ni Monica Seles, mpinzani mkubwa wa Graf. Seles alishinda French Open ya 1990 akiwa na umri wa miaka 16, akairudia 1991 na 1992, na kabla ya kutimiza miaka 20 alikuwa na mataji manane makubwa. Alishika raketi kwa mikono miwili pande zote mbili, akapiga kila mpira kana kwamba ndio wa mwisho, na fainali yake ya 1992 dhidi ya Graf mjini Paris, iliyokwenda hadi 10-8 katika seti ya tatu, ndiyo niliyowahi kuona mkanda wake nikasahau kupumua. Kisha tarehe 30 Aprili 1993, mjini Hamburg, mtu aliyekuwa shabiki wa Graf alimchoma kisu mgongoni akiwa amekaa kwenye kiti chake wakati wa mapumziko. Alirudi baada ya miaka miwili na zaidi, akashinda Australian Open ya 1996, na baada ya hapo hakupata tena taji kubwa. Kila anayehesabu mataji 22 ya Graf ana wajibu wa kukumbuka kiti kile cha Hamburg. Mwalimu, ambaye ni wa Graf damu damu, alinyamaza kidogo niliposema hivyo, kisha akasema kwamba ni kweli.

Ukilinganisha kwa umri tu, basi, Świątek yuko nyuma: sita akiwa na miaka 24, wakati Seles alikuwa na nane akiwa na 19. Kwenye viwanja vya udongo kama vya French Open, hata hivyo, analingana naye kwa mataji matatu mfululizo ya Paris, 2022 hadi 2024, sawa pia na Justine Henin wa Ubelgiji aliyeyatwaa 2005 hadi 2007. Jina la Henin liliwafurahisha wengi pale, kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo na mpigo wake wa nyuma wa mkono mmoja ulikuwa mzuri kuangalia. Mwanamke mmoja wa makamo alimtaja Martina Navratilova, bingwa wa zamani, na mechi zake 74 alizoshinda mfululizo mwaka 1984, akauliza zile 37 za Świątek za mwaka 2022 zinapigiwa kelele ya nini. Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikuwa na jibu.

Kitu ambacho hutakipata katika baa nyingine yoyote ya Kisumu ni raketi ya mbao inayoning'inia ukutani karibu na kaunta, ambayo mwenye mkahawa huruhusu ishushwe. Mwalimu aliishusha, akaipitisha mkono kwa mkono. Kichwa chake ni kidogo, uzito wake unachosha kiwiko, na kamba zake, zile za utumbo wa mnyama, zimekatika mbili. Akatueleza kwa utulivu wa mtu aliyefundisha kidato cha tatu miaka mingi kwamba kamba za siku hizi za poliesta huteleza mpira unapogusa, halafu hurudi mahali pake kwa kasi na kuuzungusha, ndiyo maana Świątek anaweza kupiga kwa nguvu zote na mpira bado ukainama na kuangukia ndani ya mstari. Chris Evert, bingwa wa zamani wa Marekani, hakuwa na msaada huo aliposhinda mechi 125 mfululizo kwenye udongo kati ya 1973 na 1979. Mhasibu aliuliza kama Świątek angeweza kucheza na mbao, naye Mwalimu akampa raketi na kumwambia apige hewa mara ishirini. Alipiga mara tisa.

Mhudumu naye alitaka kujua kama Wakenya wamewahi kufika Wimbledon. Tulimweleza juu ya Angella Okutoyi, aliyeshinda taji la wasichana wawili wawili hapo hapo mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, na alifurahi kiasi cha kusahau kwamba alikuwa akielekea jikoni.

Samaki aliletwa saa moja na dakika kumi usiku, dakika 80 baada ya kuagizwa. Haki itendeke: alikuwa samaki mzuri. Ngege (tilapia) mzima wa kukaanga, ngozi kavu na nyama yenye maji, akisindikizwa na ugali moto, osuga (mboga ya mnavu) iliyopikwa kwa maziwa na kachumbari yenye pilipili ya kutosha, kwa shilingi 850. Nilipouliza kama ni wa ziwani au wa vizimba vya kufugia, mhudumu hakunificha: ni wa vizimba, siku hizi wengi ni wa vizimba. Napenda mahali ambapo swali hilo hujibiwa hivyo. Lakini ucheleweshaji ule hauna udhuru, maana wageni hawakuzidi ishirini na samaki walikuwa tayari wamesafishwa. Ni jiko lenye karai moja, na nililiona mwenyewe nilipokwenda kunawa mikono. Tulipokuwa tukila, mtu alikumbusha kwamba Świątek alikuwa ameuambia ulimwengu wiki ile kuwa chakula chake cha utotoni ni tambi na stroberi, na meza nzima ikakubaliana kwamba katika hilo Graf na Seles wamemshinda kwa seti mbili bila.

Nilirudi kesho yake kwa fainali ya wanaume, Jannik Sinner dhidi ya Carlos Alcaraz, kwa sababu nilitaka kuona kama Jumamosi ilikuwa bahati. Leso zilikuwa tayari kwenye nguzo. Mwalimu alikuwa mahali pake, na hoja ya Jumamosi ilikuwa imelala na kuamka, kwa kuwa alinisalimu kwa kusema kwamba Seles hata asingechomwa angepata shida kwenye nyasi, ambako Graf alimshinda 6-2, 6-1 mwaka 1992. Nilimjibu kwamba Świątek naye kabla ya mwaka huu hakuwahi kuvuka robo-fainali kwenye nyasi zile. Sinner alishinda kwa seti tatu kwa moja, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie mji huu nilitazama fainali nzima bila mtu kugusa rimoti, ingawa kufikia seti ya nne vijana wa jezi walikuwa wameanza kujaa wakisubiri fainali ya kandanda ya Kombe la Dunia la Klabu saa nne usiku.

Safari hii niliagiza samaki saa kumi na moja kasoro robo, nikijiona mjanja. Aliletwa saa kumi na mbili na dakika tano, wachezaji wakiwa ndiyo kwanza wanapasha misuli moto. Nilipiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi: dakika 80 zilezile.